Kilo Tatu za Mizani ya Kahawa

Nilikuwa mpimaji wa kahawa katika chama cha msingi kimoja huko Muleba, na katika mambo ya kahawa nilijiona mjanja kuliko wote.

Kabla ya msimu kufunguliwa nilikwenda kisiwa cha Bumbire kununua samaki wa harusi ya shemeji yangu. Ziwa likachafuka, nikakwama siku mbili, nikalala na mwanamke aliyewauzia wavuvi chai. Hatukutumia kinga. Niliporudi nyumbani, kwa kuogopa mke wangu asije akashuku, nikalala naye pia siku ileile. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Miaka hiyo tulikuwa tukizika kila wiki. Ugonjwa tuliuita kwa jina la kitambaa cha magendo kilichotoka Uganda, na tuliutambua kwa jambo moja: mtu kukonda. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla katibu wa chama hajafika, nilifungua ghala, nikavua viatu, nikapanda kwenye mizani. Sitini na nne. Kesho yake, sitini na nne. Msimu ulipofunguliwa, sitini na moja.

Niliketi juu ya magunia. Nilishawaona wanaume walioanza hivihivi. Nikawa najikagua ulimi kwenye kioo na kujipapasa makwapani. Mke wangu nilimwambia nina homa, nikahamia chumba cha wageni. Akaniongezea ebitoke na maharage, nikala mpaka nikachukia ndizi, na mshale haukusogea. Nilikwenda hospitali Rubya, wakanitoa damu, wakaniambia nifuate jibu baada ya wiki mbili.

Nikiwa bado nangoja, bibi mmoja alileta gunia lake, akalalamika kwamba nyumbani lilikuwa zito zaidi. Alipoondoka, katibu alicheka. Akaniambia kwamba tangu msimu uanze ameikaza skrubu ya mizani, inakula kilo tatu kila mzigo, akashangaa mpimaji mzima sijagundua. Mtu mwema angekasirika. Mimi nilitaka kumkumbatia. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kwa furaha, na yule bibi sikumkumbuka hata kidogo. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Mchana huo mke wangu alileta kahawa yetu. Nilipoishusha, hakuondoka. Alivua kandambili akapanda.

"Nipime na mimi," alisema taratibu, kwa Kihaya. "Nimekuona unavyojipima kila asubuhi. Kama umeniletea, Baba, nijue."

Msimu uliopita nilimpima kwa mzaha, akawa na kilo hamsini na nane. Sasa mshale ulisimama kwenye hamsini. Nilijumlisha zile tatu za katibu. Nikajumlisha tena. Bado hazikutosha.

Hapo nilimwambia yote. Hakulia wala hakunitukana, akaniuliza tu jibu linatoka lini. Siku ya jibu tulikwenda pamoja. Karatasi yangu haikuonyesha ugonjwa, lakini sikuweza kufurahi, kwa sababu yeye alikuwa ndani akitolewa damu. Wiki mbili nyingine nilizingoja vibaya kuliko zangu.

Naye hakuwa nao. Muuguzi alisema turudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha, kisha akamtazama mke wangu mabegani, akamuuliza ni nini basi kilichomkondesha hivyo.

"Tangu alipohama chumba," mke wangu alijibu, "chakula hakipiti."