Mteja wa Ijumaa

Kila Ijumaa baba yangu alinifungia dukani. Si kwa ubaya. Kaka zangu walishaondoka, mmoja Muscat, mmoja Mwanza, mama hatunaye, na mimi, binti pekee, ndiye niliyebaki kuuza naye vitambaa Kariakoo. Adhana ikilia, alivaa koti juu ya kanzu, akavuta mlango wa nondo, akapiga kufuli kwa nje na kwenda msikitini na ufunguo mfukoni. "Vibaka wengi, mwanangu," alisema. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikasirika kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilimjibu, "Haya, baba."

Saa hiyo ya kufungiwa ndiyo niliyojifunzia Kihispania. Aliwahi kuingia dukani mwalimu mmoja mstaafu kutoka Hispania, akanunua vitenge, akaniachia namba yake kwa sababu alitaka kujua Kiswahili. Tukawa tunabadilishana ujumbe wa sauti, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Kitabu sikuwa nacho. Nilitaja kilichokuwa mbele yangu: tela ni kitambaa, tijeras ni mkasi, llave ni ufunguo. Kisha nikaanza kuwauzia wateja hewa, nikiyabembeleza mashelfu kwa Kihispania, huku fundi cherehani wa barazani, Mmakua wa Masasi asiyekwenda msikitini, akinichungulia na kutikisa kichwa.

Baba alifurahi sana. "Jifunze, mwanangu. Wakija hao hawatatoka mikono mitupu." Kwake kila neno la kigeni lilikuwa la duka. Na kwake mteja ni mfalme, sisi wengine raia tu: kwetu mtu akiwa na mteja hakatizwi, hata wali uungue jikoni. Utotoni niliwahi kusimama na goti linalovuja damu, kimya, nikimngoja amalize kumpimia bibi harusi kitambaa.

Basi nikaomba kazi Arusha, kwenye kampuni ya watalii iliyotafuta mtu wa kuwaongoza Wahispania. Baba sikumwambia. Usaili wa simu wakaupanga Ijumaa, saa saba mchana. Kwa mara ya kwanza nikalingoja lile kufuli kwa hamu.

Ndani mtandao ulisumbua, kwa hiyo nikasimama mlangoni, bega limebanwa kwenye nondo. Bwana wa upande wa pili aliniambia kwa Kihispania nieleze kazi yangu. Nikamwaga. Pamba tupu hii, rangi haichuji, shika mwenyewe uone. Akacheka.

"Unaongea vizuri," akasema, "ila mpaka sasa unaniuzia. Niambie wewe mwenyewe: kwa nini unataka kutoka huko?"

Hapo nikakwama. Zaidi ya mwaka mzima wa kujifunza, na kila sentensi niliyokuwa nayo ilikuwa ya kumhudumia mtu mwingine. Nikainua macho. Baba alikuwa amesimama nje ya nondo, hatua moja tu kutoka kwangu, ufunguo mkononi.

Nilitaka kukata simu. Kisha nikakumbuka kwamba haelewi hata neno. Nikasema, polepole, kwa Kihispania cha kuokoteza, nikimtazama usoni. Nikasema nimechoka kufungiwa. Nikasema duka hili silitaki na sijawahi kulitaka. Nikasema baba yangu ni mtu mwema, nampenda, na nikikaa mwaka mmoja zaidi nitaanza kumchukia. Baba akawa ananiitikia kwa kichwa, kunitia moyo. Fundi aliposema, "Shikamoo, mzee," baba aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha.

Bwana yule akasema nianze tarehe mosi.

Nikashusha simu. Muda wote ule baba hakuwa amegusa kufuli, mlio wake usije ukanikatiza.

"Mteja?" akanong'ona.

"Ndiyo, baba."

"Amekubali?"

"Amekubali."

"Alhamdulillahi," akasema, uso umemchangamka, akanifungulia mlango.