Nilimwambia daktari anikate tonsils nimesimama: kisa changu cha kukoroma, Jinja enzi za jeshi

Heshima kwenu wakuu.

Naanza na ujinga wangu ili mcheke mapema. Nilimwambia daktari wa upasuaji anikate koo nikiwa nimesimama, macho wazi, bila dawa ya usingizi.

Hii si chai. Nilikuwepo, na koo ni langu.

Ilikuwa miaka ya sabini, jeshi likiwa madarakani. Nasoma Senior Three Mbale, nalala bweni, likizo narudi Walukuba, Jinja, kwa mama aliyekuwa anafanya kazi kiwandani. Baba alikuwa dereva wa lori njia ya Kenya, tulimwona kama mgeni.

Nilikoroma wakuu. Bwenini walikuwa wananirushia viatu. Asubuhi naamka, nachagua vinavyonitosha, nakwenda darasani.

Tatizo likawa Walukuba. Nyumba zile za wafanyakazi ukuta ni mmoja, na upande wa pili akahamia mwanajeshi, tukimwita Afande. Siku moja akasimama mlangoni kwetu, akasema taratibu kabisa:

"Mama, hii kijana yako nalala kama trekta. Mimi natoka kazi, nataka lala. Mimi takuja chukua yeye, alale kwetu kambini."

Nyinyi mliozaliwa juzi mnaweza kucheka. Mama hakucheka. Miaka ile mtu akichukuliwa kwenda kulala kambini, nguo zake nyumbani waligawana ndugu.

Kesho yake nikapelekwa hospitali.

Daktari akanimulika mdomoni kwa tochi, akauliza kama huwa nashtuka usingizini nikitafuta hewa. Mama akasema naacha kabisa kupumua mpaka anipige teke.

Hapa wenye tatizo msome vizuri. Alituambia kukoroma hakuna operesheni moja. Pua ikiwa imepinda ndani, wanainyoosha. Nyama zikiwa zimeota puani, wanazitoa. Mafindofindo, yaani tonsils, yakiwa makubwa, wanayakata. Na aliyezidiwa kabisa, yule anayekaribia kufa usingizini, wanamtoboa tundu shingoni apumulie hapo.

Nikauliza kama hilo tundu naweza kulipigia filimbi. Mama akanifinya.

Shida yangu ilikuwa tonsils. Zilikuwa zimekutana katikati kama wanene wawili wanaogombania mlango.

Siku ya operesheni akateremka Baba mdogo kutoka Wanale, mlimani kwetu. Sisi ni Wagisu, wakuu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimetahiriwa mbele ya kijiji kizima, nimesimama wima, sijapepesa jicho, na yeye ndiye aliyeruka juu kuliko wote kwa furaha. Aliposikia kwamba safari hii nitalazwa usingizi kwanza, akauliza ukoo utaficha wapi uso.

Nami nikatoa kifua mbele, nikamwambia daktari yale maneno.

Mama akaanza kulia bila sauti. Dawa na nafasi ya theatre siku zile vilikuwa vya kubahatisha. Nikikosa leo, jioni narudi ukutani kwa Afande.

Daktari hakubishana. Akachukua kile kijiti cha kukandamizia ulimi.

"Bwana, nitakugusa koo tu. Ukitulia, nakukata umesimama."

Nikasimama kama nilivyosimama Wanale. Akagusa.

Nilikuwa sijala tangu jana, lakini kilichopatikana kilitoka, na kilitua kwenye koti lake.

Baba mdogo akasonya, akasema watoto wa shule wamelegea, akafungua mdomo wake mwenyewe. Naye akaguswa. Naye alikuwa amekula vizuri. Viatu vya daktari navyo vikapata sehemu yao.

Baba mdogo akajifuta mdomo, akamgeukia daktari.

"Mlaze," akasema.

Nilipoamka koo lilikuwa linawaka kama nimemeza makaa. Nikawa nanywa uji wa baridi, tena bila sukari, maana sukari yenyewe tulikuwa tunaisikia tu kwa jina.

Nilichojifunza: ushujaa una mahali pake, koo halijui wewe ni kabila gani. Kama unakoroma na pumzi inakata, usianze kuchagua kisu mwenyewe. Waangalie kwanza palipoziba, wao ndio waseme pa kukata, na wakisema ulale, lala. Mliofanyiwa ya pua shusheni uzoefu wenu hapa chini, huko mimi sijafika. Wa kunitukana pia mnaruhusiwa.

Namalizia na asubuhi ya kwanza niliyoamkia nyumbani. Afande alibisha hodi. Usiku hakusikia kitu, akashuku nimetoroshwa kwenda Kenya. Mama akanisukuma mbele, nikafungua mdomo. Akachungulia vile vidonda, akakunja uso.

"Pole, kijana," akasema, akaenda zake.

Mama akafunga mlango, akakaa chini, macho mekundu. Nikadhani anamshukuru Mungu. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Ulipokuwa unakoroma nilikuwa nalala, najua uko hai. Jana nimekesha, mkono puani pako. Leo koroma kidogo, mwanangu, na mimi nipumzike."