Mshono Mmoja

Miaka thelathini nashona ngozi hapa Adwa, na kazi nimelipua mara moja tu. Ilikuwa kamba ya ngozi, sadaka yangu kwa watawa wanaoishi juu ya jabali, ambako kanisa la kale halifikiwi ila kwa kuvutwa. Pasaka ilikuwa imekaribia, nikakishona kiungo kimoja mshono mmoja badala ya miwili. Nikakipaka siagi, kikang'aa.

Mwaka huu shemeji yangu Kinfe akanikokota twende kuhiji. Kufika chini ya jabali, naiona kamba: ndiyo yenyewe.

"Jifunge basi, fundi! Unatetemeka kama mbuzi aliyeona kisu," Kinfe akacheka.

Ningesema nini mbele ya msururu ule wa mahujaji? Nikajifunga kiunoni. Mtawa Aba Kiros akavuta kutoka juu. Kiungo changu kilikuwa shubiri moja tu mbele ya macho, tunapanda pamoja, na kila nikivutwa uzi unalia. Sikusali. Nilikuwa nahesabu matundu ya sindano.

Aba Kiros alinipokea ukingoni. "Unalia, mwanangu? Wengi hulia kwa furaha."

"Aba, kamba hii..."

"Imara, eh? Fundi wake hatumjui hata jina, lakini kila asubuhi tunamwombea."

Akaitupa chini tena. Kinfe akaidaka huku akiimba.

Nikapiga ukelele uliolijaza bonde zima: "Kinfe, usijifunge! Aliyeishona ni mimi!"