Mistari ya Kasereka

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu Mireille, umeme ulikatika wakati Kasereka ndiyo kwanza amebonyeza kuhifadhi. Tulikuwa vijana wawili tuliokabidhiwa seva ya depo la mjomba wake, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo aliyefungua ofisi hapa katikati ya Lubumbashi. Wewe unajua seva ni nini: kompyuta inayohudumia zile nyingine zote, ikilala na ofisi nzima inalala. Umeme uliporudi, faili ya mipangilio ilikuwa tupu na hakuna aliyeweza kuingia. Malori yalikwama mpakani Mokambo yakisubiri hati zilizokuwa humo, na mjomba akatuita majina ambayo siwezi kukutajia, nawe bado hujaolewa.

Programu tuliyotumia kuongoza seva ile ndiyo hiyo hiyo unayoitumia leo. Wakati ule ilikuwa changa. Mtu mmoja wa nchi ya mbali aliiandika jioni baada ya kazi zake, akaitoa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, ili yeyote aisome, airekebishe na ampe jirani. Sisi ilitufikia kwenye CD iliyokwaruzika, mkononi mwa dereva aliyetoka Zambia. Mimi sikuamini kwamba kitu cha bure kinaweza kuwa kizuri. Kasereka yeye aliifungua kama mtu anayefunua sufuria aone kinachochemka.

Humo akaona kosa. Programu ilikuwa inafuta faili ya zamani kwanza, ndipo inaandika mpya. Umeme ukikatika katikati, unabaki mikono mitupu. Tukakaa bega kwa bega, saa zile ambazo umeme ulikuwepo, mpaka tukapata mistari michache: andika mpya pembeni, hakikisha imekamilika, ndipo uiweke mahali pa ile ya zamani. Kazi hiyo iliifanya programu isite kidogo kila unapohifadhi. Juu ya mistari hiyo Kasereka aliandika maelezo kwa Kiswahili chetu, ambacho umeme ni courant: Ngoja kidogo, courant ya huku inakatikaka. Nikamwambia Kasereka kwamba mwenye programu hataelewa.

“Haina mambo, Bernadette,” akasema. “Mashine njo itaelewa.”

Tukaituma. Mwenye programu akajibu kwa adabu kwamba wazo ni zuri lakini haoni haja yake, kwao umeme haukatiki. Kasereka alicheka hadi akashika meza. “Umuambie akuye huku kwetu siku moja tu,” akasema, nami nikayaandika maneno hayo kwa namna ya upole zaidi. Toleo lililofuata lilikuja na mistari yetu ndani, maelezo yake yakiwa vilevile. Tulihifadhi kitu kisicho na maana ili tu tuone inavyosita, kisha tukahifadhi tena. Nilimpenda, mwanangu. Nalisema wazi kwa kuwa umri wangu umenipa ruhusa. Wakati ule nilinyamaza, maana baba yangu, mtu wa reli, alitaka mkwe wa kwao kaskazini mwa Katanga.

Kisha mama yake Kasereka akaugua, na Kasereka akaenda Butembo kumuuguza. Alisema angerudi kabla mvua hazijaisha. Mwanzoni alipiga simu, halafu vita vikafunga barabara, halafu namba yake ikaacha kuita. Mpaka leo sijui yuko wapi. Nikisikia sokoni mtu anacheka kwa lafudhi ya Kivu, ya kwao, nageuka, mtu mzima mimi.

Programu iliendelea kuishi. Aliyeianzisha alichoka, akawaachia wengine. Vijana wakasema imezeeka, wakakimbilia nyingine zenye rangi; hizo zikafa, yenyewe ikabaki. Sura yake imebadilishwa mara nyingi na watu nisiowajua. Lakini kila toleo jipya lilipofika, mimi nilifungua kwanza mahali pale penye maneno ya Kasereka. Watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili walikuwa wamepita hapo, na hawakufuta.

Ndiyo maana nilishtuka juzi, wewe mtoto wa dada yangu uliyerithi kiti changu, ulipokuja na furaha yako.

“Tantine, nimeona fasi programu inapoteza wakati. Nataka kuambia benye kuitengeneza batoe hii mistari. Siye sasa tuko na batri ya jua.” Halafu ukauliza: “Na ni nani aliandika Kiswahili yetu mule?”

Nilitaka kukwambia uache, kwa sababu tu ni yake. Hiyo si sababu ya kumpa mtu wa kazi. Nikakuomba uijaribu programu bila mistari hiyo kwenye kompyuta ya zamani, na ulipobonyeza kuhifadhi nikachomoa waya kwa mkono wangu. Ulipowasha tena, faili ilikuwa tupu. Ukasema polepole, “Na benzetu ba Lukafu, bo habana batri.” Kweli, depo letu la mahindi kule linategemea jenereta tu. Pendekezo lako hukulituma, na hukujua ulikuwa umeniachia nini.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikuta kitu kinakuchelewesha na hujui kwa nini kipo, usikiondoe kabla hujauliza kilichomuumiza aliyekiweka. Ukishajua, na ukaona sababu imekwisha, kiondoe, hata kama mimi nitalia. Programu si kaburi. Na ukimpenda mtu, mwambie wakati bado mnakaa meza moja.

Mungu akupe kazi itakayokuzidi umri, na watu wasiokujua wapite juu yake wasiifute. Akupe mtu wa kucheka naye mvua ikinyesha. Na yule wa Butembo, kama bado analiona jua hili, siku moja akae mbele ya programu ile, ahifadhi kitu chochote, aione ikisita, ajue kwamba huku Lubumbashi kuna mtu bado anaitazama.