Kaburi la Mgomba Juu ya Kilakala

Mwaisha binti Hatibu aliwahi kulia kilio kilichoonekana nchi nzima, na hakupewa hata kipande cha kanga. Mwaka sabini na nne watu wa filamu walipokuja Morogoro kutoka Dar, walitafuta mwanamke wa kulia kaburini, na soko zima likawaelekeza kwa muuza ndizi mmoja tu, yule ambaye jirani yake akifiwa, mfiwa ndiye anayembembeleza yeye. Filamu ikazungushwa na gari la sinema mpaka vijijini. Kwa miaka mingi watoto walimwita Mjane, naye akawatukana huku amefurahi. Mdomo mkali, moyo laini, ndivyo Mungu alivyomuumba.

Miaka ishirini ikapita. Biashara huria ikaingia mpaka uvunguni, Dar wakaanza kufungua vituo vya televisheni vya watu binafsi, na kituo kimoja kikamtuma kijana Abdulmajid na kamera, pamoja na bahasha ya picha za filamu ile. Kazi yake ilikuwa kupiga picha mpya palepale zilipopigwa za zamani, watazamaji waone palivyokuwa na palivyo. Akaamkia vizuri, shikamoo mama, kisha akasema kwenye orodha ya waigizaji wewe ndiye peke yako tuliyekukuta hai. Mwaisha akamwambia hiyo si salamu, lakini alishajifunga kanga mpya.

Wakaanzia kiwandani. Kwenye picha wasichana wanatoka zamu, mamia, wamefunga vilemba vyeupe, wanacheka. Sasa geti lilikuwa na kufuli lenye kutu na mlinzi mmoja aliyevaa kandambili zisizofanana. Mwaisha akauliza mashine ziko wapi. Zimeuzwa chuma chakavu. Na watu? Mlinzi akaonyesha barabarani, kule akina mama walikopanga karanga na maandazi. Ukumbi wa sinema ulijaa marobota ya mitumba hadi darini, na palipokuwa na pazia la kuonyeshea palining'inia makoti ya baridi. Njia panda ya Msamvu ndiyo usiseme. Kwenye picha ni uwanja mtupu ambapo vijana wawili wanaagana. Sasa ni vibanda juu ya vibanda, wakazunguka saa nzima wasijue waliagana wapi. Mwaisha alisema astaghfirullah mpaka koo likamkauka. Akadhani mshtuko umekwisha, kumbe hata haujaanza.

Ilibaki picha ya kaburi. Hiyo ilipigwa juu ya mtaa wa Kilakala, kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, na Mwaisha hakuwa amekanyaga huko miaka saba kwa ajili ya goti lake bovu, ingawa bintiye Hafidha analima karoti na kabichi hukohuko na kumteremshia mzigo kila Ijumaa. Gari la Abdulmajid likapanda mpaka likagoma. Kipande kilichobaki mama akakimaliza kwa fimbo na matusi.

Njiani akamsimulia kijana. Mwongozaji wa filamu alitaka kaburi lichimbwe, jeneza tupu literemshwe, wapige picha, wafukie, waende zao. Wazee wa mlimani wakakataa. Kaburi likichimbwa likafukiwa tupu humwita mtu, na nani alikuwa tayari kuitwa? Basi ukakatwa mgomba, ukaviringishwa sanda, ukazikwa kwa dua kama binadamu. Wazee wakaonya tuta lisisawazishwe. Hivyo machozi yote yale, nchi nzima ikalia naye, yalikuwa ya mgomba. Abdulmajid alicheka mpaka akaegemea mti.

Wakafika. Abdulmajid akainua picha, akalinganisha jabali na mgongo wa mlima nyuma yake, akasogea hatua mbili kushoto, akasema ni hapa. Na pale palikuwa na kaburi la saruji, limepakwa chokaa nyeupe, limezungushiwa mawe. Hafidha akaja kutoka kwenye matuta ya karoti na jembe begani, akampokea mama yake na kumwambia, bila wasiwasi wowote, kwamba afadhali amefika mwenyewe kulizuru kaburi la bibi, hili ndilo lililowapa shamba.

Mwaisha akaketi chini, juu ya udongo, kanga mpya na yote.

Maana kesi ile aliijua, ila hakuijua kwa macho. Kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na shahidi wake mkubwa ni kaburi. Alipozikwa bibi yako, hapo ni pako. Miaka mitatu nyuma, matajiri wa Dar walipoanza kupanda mlima kutafuta viwanja, kaka yake mkubwa Stambuli aliudai mteremko ule kutoka kwa mtu mmoja mpole aitwaye Pazi. Pazi hakuwa na kaburi la kuonyesha, ya kwao yalichukuliwa na maporomoko. Ujana wake wote aliumaliza kwenye mashamba ya miwa, hata siku ya filamu hakuwapo. Stambuli akawaleta wazee wa baraza, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwapo siku ya mgomba, akawaonyesha kaburi, na Pazi akafungasha. Mwaisha aliposikia mjini kwamba kaburi limesema, alipiga kigelegele. Hakuuliza kaburi gani. Yeye mwenyewe alijua bibi yao amezikwa kijiji cha mbali cha Matombo, alikokwenda kumuuguza mdogo wake, akadhani labda wamepata la mjomba. Hafidha alikuwa amepewa shamba, na mtu akipewa hachunguzi sana.

Akaitazama tena picha. Aliyepiga magoti ni yeye. Na aliyeshika mguu wa mbele wa jeneza, kijana, na masharubu ya kuchora, alikuwa Stambuli. Wallahi, kaka yake hakukosea kaburi. Alijua alichokizika kwa mikono yake.

Wakateremka kwake mchana uleule. Stambuli alikuwa barazani anasafisha meno kwa mswaki wa mti. Hakukana. Alisema Jumamosi mnunuzi kutoka Dar anaweka sahihi kwa nusu ya chini ya mteremko, nusu ya juu inabaki kwa Hafidha na wanawe, kwa hiyo dada atafakari kabla ya kupanua kinywa.

"Kila mwaka tunalisomea," akasema. "Hata mgomba ukiombewa miaka yote hiyo unakuwa mtu."

Mwaisha akamwangalia kama anamwona mara ya kwanza. Mtu aliyekula naye sahani moja! Mjomba wa wanawe! Alitaka kumtukana, na kwa mara ya kwanza maishani tusi halikuja.

Hafidha ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. Hakugombana, alimwomba tu mama yake akumbuke wajukuu wanakula nini. Mwaisha akakumbuka, akaumia, na akamwomba Abdulmajid ile picha.

Ijumaa baada ya swala, wazee wa baraza wakakusanyika kwa ombi lake, Pazi naye akaitwa kutoka kwenye kibarua chake cha kufyatua matofali. Alikuja na tope mpaka viwikoni, akakaa karibu na mlango. Mwaisha akaiweka picha mbele ya wazee.

"Huyu anayelia ni mimi," akasema, "na huyu mbebaji ni kaka yangu. Ndani hamna bibi wa mtu. Tulizika mgomba."

Picha ikazunguka mkono kwa mkono. Mzee mmoja akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mwingine akasema yeye mwenyewe aliongoza dua pale mwaka jana, hajui sasa aombe radhi kwa nani. Stambuli aliinuka akatoka bila kuaga. Hafidha akajifunika uso kwa mtandio, na mama yake hakuthubutu kumtazama. Wazee wakatamka kwamba mteremko unarudi kwa Pazi, wote, wa juu na wa chini, mnunuzi aambiwe.

Wakamgeukia Pazi wakitarajia atafurahi, au angalau atadai fidia ya miaka mitatu. Pazi alikuwa bado ameishika picha kwa ncha za vidole asiichafue kwa tope.

"Mama yangu wakati wa kufa aliniambia ule mteremko ni wetu," akasema polepole. "Nilipoonyeshwa kaburi nikaona aliniongopea, kumbe tumelima juu ya bibi wa watu. Kila mwezi napanda kulipalilia, namwomba msamaha. La mama yangu, hapa chini karibu na msikiti, sijaligusa tangu siku ile. Limeota nyasi hadi kiunoni."

Pazi akamrudishia Mwaisha picha kwa mikono miwili, akamwambia ahsante dada, kisha akauliza kama kuna mtu wa kumwazima jembe, maana jua bado lipo.