Magazeti ya Kulalia

Juzi nilipita Temeke nikakuta wanabomoa nyumba ya udongo, magazeti ya zamani yangali yamebandikwa ukutani. Nikasikia tena harufu ya uji uliochacha, ambao mama aliutumia kama gundi.

Baba alikuwa karani wa serikali. Sebuleni tulibandika gazeti la Waingereza, lenye Gavana na farasi wa mashindano. Chumbani tulibandika la wadai uhuru, lenye katuni ya Mzungu mwenye tumbo kama pipa, niliyoitazama mpaka usingizi ukanichukua. Nilidhani magazeti ni kama nguo, mengine ya kutokea, mengine ya kulalia. Sikujua kwamba lile la kulalia lingeweza kumfukuzisha baba kazi.

Alasiri moja baba akiwa mgonjwa, bosi wake Mzungu alikuja kumjulia hali. Aliutazama ukuta wa sebuleni, akatabasamu.

"Na chumbani upo wewe!" nikamwambia kwa furaha.

Mama akaacha kupepea moto.

"Ana maana chumbani huwa tunakuombea dua, bwana," baba akasema taratibu.

Mzungu akanishika kichwa. "Ahsante. Niombeeni kila usiku."

"Kila usiku, bwana."

Leo najua baba hakudanganya. Alikuwa akimwombea safari njema ya kwao.