Sandwichi Zilizoganda

Marlene Kuusisto alikuwa msusi mjini Duluth, jimbo la Minnesota, na saluni ilikuwa imemzoesha kusikiliza upuuzi bila kukunja uso. Majira yale ya baridi, uso ulimshinda.

Kwa ajili ya korona, shule ya binti yake iliamua watoto wale chakula cha mchana nje, kwenye theluji. Aili alikuwa akirudi na chakula kilekile alichoondoka nacho.

"Nikivua glavu vidole vinauma, mama. Nikizivaa, kopo la mtindi halifunguki."

Wazazi wakakutana mtandaoni. Mwenyekiti, Paige Halvorsen, alizungumza huku nyuma yake moto wa kuni ukiwaka vizuri. "Watoto wetu ni wa Minnesota," alisema. "Baridi wamezaliwa nayo."

Curt Brandvold, muuza pikipiki za theluji, akamrukia. "Mnawagandisha watoto kwa ajili ya kimafua! Warudisheni ndani, na hizo barakoa zichomeni!"

Marlene aliwatazama wote wawili kama mtu anavyotazama nywele kwenye supu. Kimafua hicho ndicho kilichomuua baba yake. Alimuaga kwa simu iliyoshikwa na muuguzi. Wiki ya mazishi Curt aliingia saluni bila barakoa, akajikoholesha makusudi, akacheka.

"Basi mkutano ujao tuufanyie uwanjani," Marlene alisema. "Kwenye mabenchi yao. Kila mtu aje na sandwichi yake."

Paige hakuwa na pa kutokea, na Curt hakutaka kuitwa mwoga.

Wakaja. Upepo wa ziwani ulipita kwenye makoti kana kwamba ni chandarua. Paige aling'ang'ana na kopo la mtindi kwa glavu zake nene mpaka likamrukia kifuani. Curt alicheka hadi masharubu yakaota barafu. Wengine walijivuta mmoja mmoja hadi kwenye magari yao, wakawasha hita. Marlene akangoja akili ziwarudie waliobaki.

"Tupige kura," Paige alisema, meno yakigongana. "Waliomo kwenye magari hawahesabiki."

Mikono ya waliotaka watoto waendelee kula nje ikainuka. Na wa Curt ukawamo.

"Wewe si ulitaka ndani?" Marlene alimuuliza.

"Kama mimi nimeweza, watoto watashindwaje?" alijibu, kifua mbele.

"Fungueni madirisha ya ukumbi wa michezo, watoto wakae mbali mbali, wale! Baba yangu amekufa kwa ugonjwa huu, siuchezei. Ila ninyi mnashindana tu, na watoto ndio uwanja wenu."

"Marlene, tunaziheshimu sana hisia zako," Paige alisema.

"Usiziheshimu. Zipigie kura."

Hakuna aliyezipigia.

Tangu siku iliyofuata, Marlene alifunga saluni kila mchana, akaegesha gari kando ya uzio wa shule, akala na Aili humo ndani supu ya samaki aina ya samoni iliyokuwa ikifuka mvuke. Siku moja Paige akaja kugonga kioo.

"Unawaonyesha wengine mfano mbaya!"

Marlene alishusha kioo kidogo tu. "Rudi nyuma, Paige. Utaniletea korona." Akakipandisha.

"Anataka nini?" Aili aliuliza, mdomo umejaa.

"Supu," Marlene alisema, akamwongezea mtoto.